Same, Zinapokutana Karatasi Nne za Ramani

Basi la Gonja likitoka stendi ya Same asubuhi, likaiacha barabara kuu ya Moshi na kushika njia ya Kisiwani, halikawii kuvuka mpaka ambao hakuna abiria anayeuona. Hapana kizuizi, hapana askari, hapana jiwe lililopakwa chokaa. Mkono wa kulia milima ya Upare Kusini imesimama palepale; mkono wa kushoto nyika ya Mkomazi inatambaa kuelekea Kenya. Mpaka wenyewe ni mstari wa longitudo ya digrii 37 na dakika 45, unaopita mashariki kidogo ya mji. Hapo karatasi moja ya ramani ya topografia huishia, na nyingine huanza.

Safari ikiendelea, kabla ya kufika Ndungu, basi hilo litakuwa limevuka mistari mingine miwili: longitudo ya digrii 38 kamili na latitudo ya digrii 4 na dakika 15. Na yule aliyepanda gari la kwenda Mwanga naye, kilomita chache tu kaskazini ya mji, atavuka latitudo ya digrii 4 kamili. Kwa hiyo, msikilizaji, mji wa Same umekaa jirani kabisa na pembe ambayo karatasi nne za ramani zinagusana. Anayetaka kuitazama wilaya hii yote mezani kwa mara moja, hana njia ila kuunganisha karatasi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi, rula na gundi. Leo inafanywa kwa kompyuta, na wengi wanadhani kompyuta imemaliza shida. Haijaimaliza. Ramani za kidijitali zikiwekwa ubavu kwa ubavu, mara nyingi huacha pengo jembamba katikati, au hupandana moja juu ya nyingine, na kile kilichopotea ndani ya pengo au kilichoandikwa mara mbili kwenye mpandano kinaweza kuwa kijito, mfereji, njia, au shamba la mtu.

Karatasi hizi hazikukatwa kwa kufuata milima wala mito, na mipaka ya wilaya haikuzingatiwa. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, yaani sentimita mbili za karatasi kwa kila kilomita moja ya ardhi, hukatwa kila baada ya dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo. Huku kwetu karibu na ikweta, hiyo ni mraba wa karibu kilomita 27.7 kila upande, ambao kwenye karatasi unatoka na upana wa sentimita 55 hivi. Mfululizo huo, ambao wapimaji wanaujua kwa jina la Y742, ulijengwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Uingereza iliyoitwa Directorate of Overseas Surveys ikishirikiana na idara ya upimaji na ramani ya hapa nchini. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine ikiwa na jina la Directorate of Colonial Surveys, ikabadilishwa jina mwaka 1957, na mwaka 1984 ikaingizwa ndani ya Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza yenyewe.

Kazi ilianzia angani. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka huku kamera ikipiga picha moja baada ya nyingine, na kila picha ilirudia takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Marudio hayo yalikuwa ya makusudi. Kama vile macho mawili yanavyokiona kitu kimoja kutoka sehemu mbili, na ubongo ukapata kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, ndivyo picha mbili za mteremko uleule, zilizopigwa kutoka sehemu mbili za anga, zilivyomwezesha mchoraji kuona mlima ukiinuka chini ya kifaa chake na kuchora juu yake mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Bila picha kupandana, Shengena, kilele cha juu kuliko vyote Upare chenye mita zaidi ya 2,460, kingebaki doa tu la kijani.

Jambo hili lifaa likumbukwe mapema, maana kupandana kwenyewe hakuna ubaya. Fundi anayeezeka nyumba kule Suji au Mbaga hulaza bati moja juu ya jingine kwa mgongo mmoja au miwili, na mwenye nyumba humshukuru mvua za masika zikianza. Anajua amepandisha wapi na kwa kiasi gani. Ubaya huja pale ramani mbili zinapopandana bila mtu kujua, au zinapoachana bila mtu kuangalia.

Wachoraji wa zamani walikuwa na desturi ya kulinganisha kingo. Kabla karatasi haijachapwa, iliwekwa kando ya jirani yake, na mchoraji akapitisha kidole ukingo mzima: kila kontua inayotoka huku iingie kule, kila mto, kila reli, kila njia ya miguu. Reli ya Tanga kwenda Moshi, iliyofika Moshi katika miaka ya 1911 na 1912 na kupita Hedaru, Makanya na Same, haiwezi kukatika katikati ya nyika kwa sababu tu karatasi imeisha. Tatizo ni kwamba karatasi hazikuchorwa zote kwa wakati mmoja. Nyingine ilichorwa jirani yake akiwa bado hajazaliwa, na nyingine ilifanyiwa marekebisho miaka mingi baadaye huku jirani akiachwa na sura yake ya zamani.

Kisha zikaja zama za kuingiza karatasi hizo kwenye kompyuta.

Karatasi hupitishwa kwenye skana, ikatoka picha. Picha hiyo ina ramani yenyewe katikati, na pembeni ina pambizo: jina la karatasi, ufunguo wa alama, kipimo, tarehe. Mtu akiziweka picha mbili kando kwa kando bila kukata pambizo, pambizo nyeupe ya moja inafunika mashamba ya nyingine. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza na dawa yake ni kukata. Kuna la pili lililofichika zaidi. Karatasi ni kitu chenye uhai wake. Hunywa unyevu na kutanuka, hukauka na kunywea, hukunjwa ikavutika. Kwenye kipimo cha 1:50,000, mnyoosho wa milimita moja tu ni mita 50 za ardhi. Karatasi iliyokaa miaka 40 kabatini haiwezi kulala sawasawa na jirani yake kwa kuunganishwa pembe nne peke yake. Inahitaji kushikiliwa pia katikati, kwenye makutano ya mistari ya gridi, ile ya miraba iliyochapwa juu ya ramani, kama fundi cherehani anavyobana kitambaa kwa pini nyingi kabla ya kushona.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowakuta watu wengi milimani bila kujua kilichowapata.

Kila ramani husimama juu ya makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupima. Wapimaji huyaita makubaliano hayo datumu. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimesimama juu ya datumu iitwayo Arc 1960, iliyojengwa kwa minyororo ya pembetatu zilizopimwa kutoka kilele hadi kilele. Setilaiti za GPS, na simu zote za mkononi zinazozitegemea, zinatumia nyingine inayoitwa WGS84. Zote mbili ni sahihi kwa kanuni zake, ila hazianzii mahali pamoja. Katika maeneo ya Same, namba za mahali, ambazo wapimaji huziita kodineti, hutofautiana kati ya datumu hizo kwa karibu mita 300 kusini na kaskazini, na karibu mita 90 mashariki na magharibi.

Mfano wa mtu mmoja utatosha. Mpimaji amesimama juu ya kigongo cha mlima kule Vudee akiwa na kifaa cha GPS. Anasoma namba, anazitia kwenye karatasi ya zamani kwa penseli. Alama inaangukia milimita sita kusini ya pale alipo. Mezani milimita sita ni upana wa kalamu. Upareni, ambako miteremko husimama kama kuta, mita 300 zinamtoa mtu kigongoni na kumtupa bondeni, ng'ambo ya kijito, pengine kwenye kitongoji kingine.

Sasa chukua karatasi mbili jirani, moja imegeuzwa kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 na nyingine imeachwa kama ilivyo, zote zikifunguliwa pamoja kwenye kompyuta. Ile isiyogeuzwa itaonekana imesogea kaskazini mita 300. Ikiwa ndiyo ya upande wa kaskazini, itaachana na jirani yake na kuacha ukanda mtupu. Ikiwa ndiyo ya kusini, itampanda jirani. Upana wa karatasi ni kilomita 27.7, ukizidisha kwa mita 300 unapata kilomita za mraba 8 na zaidi kidogo. Hizo ni hekta 830, au ekari 2,000 na ushei, zilizofutwa au kuhesabiwa mara mbili katika ukingo mmoja wa karatasi moja. Katika milima ambayo familia hurithishana vipande vya robo ekari, ekari 2,000 si jambo la kupuuza.

Lipo pia kosa dogo linalotokana na ukarimu wa kompyuta, ambayo hupenda kila kitu kiwe mstatili. Kingo za karatasi zinafuata longitudo na latitudo, lakini gridi ya mita iliyochapwa juu yake inahesabiwa kutoka mstari wa katikati ulio digrii 39. Same iko magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya digrii moja, kwa hiyo ukingo wa karatasi na mistari ya gridi havilali sambamba. Kutoka chini hadi juu ya karatasi, ukingo unainama kwa karibu mita 40. Anayekata picha kwa kufuata gridi badala ya ukingo wa kweli anaacha kabari nyembamba upande mmoja na kukata kabari ya jirani upande wa pili.

Na gridi yenyewe ina mshono wake wa kitaifa. Nchi imegawanywa katika kanda, na longitudo ya digrii 36 inatenganisha kanda ya 36 na ya 37. Mstari huo unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Ofisi za makao makuu zimo katika kanda moja, Same imo katika nyingine. Faili la Same likisomwa kana kwamba ni la kanda ya 36, mji mzima unahama karibu kilomita 660 kwenda magharibi, ukapita Kahama. Kosa la namna hiyo ni kubwa mno hivi kwamba kila mtu huliona. Yale ya mita 40 na mita 300 ndiyo yanayopita kimyakimya.

Wapo wanaosema karatasi za zamani ziachwe, kwani siku hizi kuna vipimo vya kutoka angani. Ni kweli vipo, na vimesaidia sana. Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, kutoka latitudo ya digrii 60 kaskazini hadi digrii 56 kusini. Kazi hiyo inajulikana kwa kifupi kama SRTM. Mwaka 2014 vipimo vyake vya kina zaidi, vyenye nukta moja kila baada ya mita 30 hivi, vilianza kutolewa bure kwa nchi zilizo nje ya Marekani, na Afrika ikatangulizwa.

Lakini vipimo hivyo navyo vimekatwa vigae. Kila kigae kina digrii moja kwa digrii moja, na hupewa jina la pembe yake ya kusini magharibi. Bahati ya Upare ni kwamba mistari inayokata vigae hivyo imepita palepale. Latitudo ya digrii 4 inaitenga Mwanga na Same. Longitudo ya digrii 38 inaukata ukanda wa Gonja na Ndungu. Basi Usangi na Ugweno, kwenye Upare Kaskazini, zimo katika kigae cha S04E037; mji wa Same umo katika S05E037; Ndungu imo katika S05E038. Safu moja ya milima, faili tatu.

Walioviandaa vigae hivyo walikuwa na busara ya fundi wa bati. Kila kigae kina nukta 3,601 kwa kila upande, na mstari wa mwisho wa kigae kimoja ndio mstari wa kwanza wa jirani yake. Nukta zile zile zimeandikwa mara mbili kwa makusudi ili viungane bila ufa. Anayejua hilo huunganisha vigae vikakaa kama kitambaa kimoja. Asiyejua huvitandika kimoja baada ya kingine, mstari ukarudiwa, na kila kilicho mbele yake kikasogea nukta moja, yaani mita 30. Pia kuna mashimo ya asili. Rada iliyotazama milima kutoka ubavuni haikuweza kuona nyuma ya magenge. Penye kivuli chake, vipimo vya awali viliacha nafasi tupu, na nafasi hizo hupatikana hasa kwenye miteremko mikali, ambako mtu wa milimani anahitaji namba kuliko mahali pengine popote.

Kwa nini yote haya yamhusu mkulima wa Bangalala au mama anayechota maji Makanya?

Kwa sababu maji hutelemka, na kompyuta huyafuata maji kwa kutumia namba za miinuko. Katika bonde la Makanya wakulima wana ndiva, mabwawa madogo ya jadi ambayo Wapare wameyatunza kwa vizazi. Maji ya kijito hujaa ndani yake usiku, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu yakaenda mashambani kwa mifereji. Ndiva ya Manoo kule Bangalala ni mojawapo ya zinazofahamika zaidi, na katika miaka ya 2000 bonde hili lilipokea watafiti wengi wa maji waliokuja kujifunza namna watu wa juu na watu wa chini wanavyogawana kijito kimoja. Latitudo ya digrii 4 na dakika 15, ule ule mshono wa karatasi, unapita katika eneo hilo.

Mtaalamu anayetaka kujua ndiva inapokea maji kutoka eneo la ukubwa gani, huiagiza kompyuta ifuate mteremko kutoka kilele hadi bwawani. Kompyuta ikifika kwenye pengo kati ya ramani mbili, husimama. Kwake, mto umeishia hapo. Ikifika mahali ramani zimepandana vibaya, hukuta ngazi ya uongo, genge lisilokuwepo, na maji ya kwenye kompyuta hugeuka kufuata ukingo wa karatasi kwa mstari ulionyooka kama rula. Jibu linalotoka linaweza kusema kijiji cha chini kinapokea nusu tu ya maji kinayoyapokea kweli. Kama jibu hilo litatumika kugawa zamu, kupanga ukubwa wa daraja au kuchagua mahali pa bwawa jipya, kosa la mshono limeshageuka kuwa ugomvi wa watu.

Ipo sababu nzito zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 mvua kubwa iliporomosha mlima katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, na kuua watu zaidi ya 20. Ramani za hatari ya maporomoko huchorwa kwa kupima ukali wa mteremko, nukta kwa nukta. Mshono mbovu hutengeneza mteremko mkali mahali palipo tambarare, na tena unaweza kulifuta genge la kweli ambalo juu yake kuna nyumba za watu. Ramani ya namna hiyo ikimwambia mtu kwamba yuko salama, imemdanganya kuhusu uhai wake.

Urefu wa milima nao una kutoelewana kwake. Baadhi ya karatasi za mwanzo zilichorwa kontua za futi, kila baada ya futi 50. Za baadaye zikachorwa kwa mita, kila baada ya mita 20. Futi 50 ni mita 15 na robo. Karatasi ya futi ikikaa kando ya karatasi ya mita, mistari haitakutana hata kama kila mmoja umechorwa kwa uaminifu, na anayeisoma namba 4,000 bila kuangalia pambizo anaweza kuujenga Upareni mlima unaokaribia Mlima Meru. Zaidi ya hapo, miinuko ya ramani za nchi inahesabiwa kutoka usawa wa bahari uliopimwa pwani, na miinuko ya setilaiti inahesabiwa kutoka umbo la dunia lililokokotolewa. Hayo mawili hayalingani kwa nukta.

Wenye mitambo mikubwa nao wamejikwaa hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ujerumani na Uswisi zilijenga daraja juu ya mto Rhine, mjini Laufenburg, kila nchi ikianzia ng'ambo yake. Ilijulikana tangu mwanzo kwamba nchi hizo mbili zinahesabu usawa wa bahari kutoka bahari tofauti, na kwamba tofauti yake ni sentimita 27. Wahandisi wakaiweka tofauti hiyo kwenye hesabu, ila kwa upande usio sahihi. Badala ya kufutika, ikawa sentimita 54, na upande mmoja ukabidi urekebishwe ili daraja likutane. Walikuwa na namba sahihi mkononi. Walikosea ishara ya kujumlisha na kutoa.

Same nayo ina jirani wa kimataifa. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kupandishwa hadhi katika muongo wa 2000, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na imepakana na Tsavo West ya Kenya. Tembo huvuka bila kuuliza. Ramani hazivuki. Kwa kawaida kila nchi huchora kwa undani hadi kwenye mpaka wake, kisha huacha upande wa pili mweupe au hafifu. Ajabu ni kwamba karatasi za zamani za nchi zote mbili zilitumia datumu ile ile ya Arc 1960 na kipimo kile kile, kwa hiyo zina uwezo wa kukutana. Kinachozitenganisha ni marekebisho yaliyofanywa baadaye, kila upande kwa ratiba yake. Askari wa wanyamapori anayefuatilia majangili, au mtaalamu anayehesabu mabwawa ya kunyweshea wanyama, anahitaji ramani moja isiyoishia kwenye mstari wa mwaka 1886 uliochorwa na Waingereza na Wajerumani.

Kisha kuna ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilivipa vijiji haki ya kupimwa mipaka na kupewa cheti cha ardhi ya kijiji. Ni sheria yenye faida kubwa, na utekelezaji wake unategemea ramani. Kijiji kikipimwa mwaka huu kwa kifaa cha GPS, na jirani yake mipaka yake ikanakiliwa kutoka karatasi ya Arc 1960 bila kugeuzwa, vyeti viwili vitatolewa vyenye ukanda uleule ndani yake, au vyenye ukanda ambao haumo katika chochote. Wazee wa pande zote mbili wanajua mpaka uko wapi. Ni mti ule, ni jiwe lile, ni korongo lile. Watagombana kwa sababu ya makaratasi, na shahidi wa pekee atakuwa mtu aliyesahau kuuliza datumu.

Je, dawa ni nini? Ipo, wala si ya miujiza. Kila karatasi igeuzwe datumu kwa kanuni moja inayojulikana, ikatwe kwenye ukingo wake wa kweli, ishikiliwe kwenye makutano mengi ya gridi, kisha kingo zilinganishwe kama wachoraji wa zamani walivyofanya, kontua kwa kontua. Penye mpandano, iandikwe ni ramani ipi iliyopewa kauli ya mwisho na kwa nini. Kwa kawaida iliyo mpya au iliyopimwa kwa makini zaidi. Penye pengo, lisijazwe kwa kubahatisha rangi ya jirani. Lipimwe, au liachwe wazi na lionyeshwe kuwa ni pengo. Majina ya vijiji yaliyoandikwa kwenye karatasi mbili yaunganishwe, ili kijiji kimoja kisihesabiwe viwili.

Nchi tayari ina vifaa vya kufanya hivyo. Tanzania ilijiwekea mfumo mpya wa marejeo uitwao TAREF11, unaoendana na vipimo vya setilaiti. Chuo Kikuu Ardhi, kilichoanza mwaka 1956 kama shule ya upimaji na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, kinatoa wapimaji kila mwaka. Vijana wa kujitolea wa mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, walionyesha kwamba wananchi wenyewe wanaweza kupima mitaro na mitaa yao hadi kwa ngazi ambayo ofisi haikuwahi kuifikia. Kinachokosekana ni kazi ya kushona ifanywe mara moja, hadharani, na matokeo yake yatolewe kwa kila mtu. Leo kila mradi wa maji, kila mtafiti, kila mhandisi wa barabara anashona ramani zake mwenyewe kimyakimya, kwa njia yake, na mshono wake unakufa mradi unapoisha. Mwenzake anayefuata huanza upya na kukosea palepale.

Bomba la maji linalotoka bwawa la Nyumba ya Mungu kuja Mwanga na Same, mradi uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa muda mrefu, linavuka latitudo ya digrii 4 kabla ya kufika mjini. Maji hayo yatahitaji matawi, na matawi yatapanda kuelekea vijijini, yakivuka digrii 37 na dakika 45. Kila mita ya mwinuko itahesabiwa kwenye ramani kabla ya kuhesabiwa kwenye pampu.

Kwa hiyo ombi la mazungumzo haya linaelekea kwanza kwa wenye dhamana ya ramani za taifa: ukanda wa Upare, ambako karatasi nne zinakutana nyuma ya mji mmoja, ufanywe eneo la mwanzo la ramani isiyo na mshono, na ipatikane bure kwa halmashauri za Same na Mwanga, kwa shule na kwa vikundi vya maji. Na kwako msikilizaji, kama umo kwenye kamati ya ardhi ya kijiji au kamati ya maji, siku mtaalamu atakapokuja na ramani ya rangi iliyochapwa kwa kompyuta, muulize maswali matatu kabla ya kutia saini. Imetoka kwenye karatasi zipi? Iko kwenye datumu gani? Kingo zake zimelinganishwa na za jirani na nani? Kisha mpeleke hadi kwenye mti ule, jiwe lile na korongo lile, akavipime mbele yenu.